Mihuri ya Ndara

Ukiniona leo nimeketi barazani kwangu hapa Shella, Malindi, utadhani ni mtu anayefikiri sana kabla ya kusema. Sivyo. Nafikiri upesi kama zamani. Ni maneno ndiyo yanayochelewa, na mengine hayaji kabisa. Haya unayoyasoma nimeyatoa kidogo kidogo, mengine kwa mdomo, mengine kwa mihuri nitakayoieleza, na binti yangu Zuhura akayaandika na kunisomea mpaka nikaridhika. Nayatoa kwa ajili ya mtu aliyefungwa ulimi na maradhi kama mimi, na kwa mkewe au mumewe anayemtazama asijue mle ndani mna nani. Habari za mishipa ya ubongo sitazieleza kwa kuwa sizijui. Nitaeleza aibu, ambayo naijua.

Jina langu ni Shebwana. Wazee wangu walitoka visiwa vya kaskazini, lakini mimi nimezaliwa Malindi, na katika miaka ya themanini nilikuwa mkalimani wa korti. Shahidi akisema Kigiriama, mimi namgeukia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akiuliza kwa Kiingereza, mimi nalipeleka swali kwa Kigiriama au kwa Kiswahili, kwa adabu yake na uzito wake. Nilikuwa mtu wa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa. Hata nyumbani, mtoto akikosea neno nilimkatiza hapo hapo nikamsahihisha. Watu walikuwa wakisema ulimi wangu una mafuta, nami nilipenda kusikia hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kaskazi, joto limebana hata karatasi zinanata vidoleni. Kizimbani alisimama mama mmoja kutoka Marafa, akieleza jinsi mbuzi wa jirani walivyommalizia muhogo wake. Nilimsikia vizuri, kila neno. Nikamgeukia hakimu, nikafungua kinywa, na nikaisikia sauti yangu ikisema, "Bado. Bado, bado."

Watu wakacheka. Walidhani nafanya mzaha. Hakimu akaniangalia juu ya miwani. Nilitaka kusema samahani, nikasema bado. Mkono wa kulia ukaachia karatasi, nikatazama zinavyotawanyika sakafuni kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Kisha nikahisi joto likishuka mapajani. Suruali yangu ya kijivu ikabadilika rangi mbele ya askari, mawakili na watu wote waliokuja kusikiliza kesi zao. Kicheko kikakatika. Yule mama wa Marafa alishuka kizimbani bila kuruhusiwa, akavua leso aliyojitanda mabegani, akanifunika nayo kiunoni. Sikuweza kumshukuru. Hata jina lake silikumbuki, ingawa lilikuwa limeandikwa pale mbele yangu.

Hospitalini nilikaa mpaka mvua za masika zikaanza kupiga mabati. Nusu ya uso wangu ilikuwa imeteremka, na mate yalinitoka upande huo nisijue mpaka kifua cha shati kilowe. Mkono wa kulia ulilala kama samaki. Mguu ulirudi taratibu, nikaweza kuuburura. Lakini neno lilibaki lile moja. Nikiulizwa jina, bado. Nikiulizwa kama nina njaa, bado. Ndani yangu jibu lilikuwa limekaa sawasawa, nalijua kabisa, lakini likifika mlangoni linatoka hilo tu.

Makarani wenzangu walikuja kunitazama, wamebeba machungwa. Mmoja aliinama akanipigia kelele sikioni, "Bwana Shebwana! Wanisikia?" kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikamjibu, "Bado." Wakatazamana. Halafu wakaanza kuzungumza juu ya kichwa changu, kwa sauti ya chini ile ya kwenye matanga. "Maskini, akili imekwenda." Walisema hayo kwa Kiingereza, nisije nikaelewa. Mimi, niliyekula mkate wa Kiingereza miaka yote hiyo. Nikageuka nikautazama ukuta mpaka wakaondoka.

Mke wangu, Mwanakhamisi, ndiye aliyeniosha. Kabla ya maradhi alikuwa mpambaji. Akiitwa kwenye arusi kuwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi inayochorwa maua mikononi na miguuni, na mkono wake ulisifiwa kutoka Malindi mpaka Mambrui. Nilipougua aliacha kwenda. Asubuhi alikuwa akiniuliza, "Baba Zuhura, wataka kwenda msalani?" Mdomo wangu ukijibu, "Bado." Naye akiuamini. Alikuwa anakwenda jikoni, nami nabaki na tumbo langu, najua wazi kitakachotokea, siwezi kumwita. Akirudi anakuta shuka imelowa. Hakuwahi kunikaripia. Anavua shuka, anapanguza godoro, anatandika nyingine, kimya. Kimya kile kiliniumiza kuliko ugomvi.

Tulijaribu mengi. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikasuguliwa mafuta ya habasoda. Mengine yalinipa utulivu, sitayadharau. Lakini kinywa kilibaki vile vile. Na nilikuwa nimegundua jambo jingine ambalo sikutaka mtu alijue. Maandishi pia yalikuwa yamenikimbia. Nikifungua gazeti naona wadudu weusi wamepangwa mistari mistari. Nililishika gazeti kila asubuhi barazani, nikigeuza kurasa, ili wapitao waone kwamba Shebwana bado asoma. Siku moja mdogo wangu Athman alikuja kunijulia hali. Alikaa, akanisalimu, "Shikamoo, kaka," akazungumza habari za samaki na mvua. Halafu, taratibu sana, bila kunitazama usoni, akalichukua gazeti mikononi mwangu, akaligeuza, akanirudishia. Nilikuwa nimelishika miguu juu. Baada ya siku hiyo, kwa muda mrefu, sikutoka tena kwenda kukaa barazani.

Mvua zilipopungua niliandikiwa kwenda kufanya mazoezi hospitalini. Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa veranda, na mbele yake kulikuwa na benchi ndefu. Wagonjwa wenzangu wakae wajue kwamba benchi ile ilikuwa ngumu kwangu kuliko mazoezi yenyewe. Nilikaa nimeziba mdomo kwa hanchifu. Kulikuwa na akina mama wenye watoto wa miguu dhaifu, na mzee aliyeungua mkono. Na mara kwa mara alipita mtu aliyewahi kusimama kortini mbele yangu. Ananitambua, anasimama, anasubiri nimsalimu. Mimi naangalia sakafu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mmoja Mgiriama aitwaye Kadzo, kijana bado, mwenye sauti ya kutuliza. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kigiriama, "Mulamukadze, mzee?" Lugha niliyoipeleka mbele ya mahakimu maisha yangu yote, nikaisikia, nikaielewa, na jibu lake dogo likanishinda. Machozi yakanitoka. Alinipa muda. Kisha akaniwekea magotini kibao cha plaiwudi.

Juu yake kulibandikwa picha zilizochorwa kwa kalamu nyeusi. Kikombe. Kitanda. Jua. Mtu ameshika tumbo. Uso unaocheka, uso ulionuna. Alama ya ndiyo, na mistari miwili iliyokatana kuwa hapana. Chini kabisa, mtu amechuchumaa msalani.

"Ukitaka kitu, mzee, onyesha kwa kidole," akasema. "Si lazima neno litoke mdomoni."

Niliutazama ule mchoro wa chini. Wale watoto na mama zao walikuwa wamekaa benchini nje na mlango ulikuwa wazi. Nikakipiga kibao kwa mkono wa kushoto, kikaruka mpaka ukutani.

Kadzo alikwenda akakiokota, akakipangusa kwa kiganja. "Haya," akasema. "Umeniambia hukitaki. Hilo nimelielewa bila neno. Tuanzie hapo."

Tulirudi nacho nyumbani, Mwanakhamisi amekifunga ndani ya leso. Kwa wiki nyingi nilikitia chini ya godoro kila mgeni alipobisha hodi. Tukiwa wenyewe, alinikalisha mezani akakiweka mbele yangu, kwa upole wa kunibembeleza, nami nakataa. Kilichonivunja ni chai. Tangu nitoke hospitali alikuwa akinitilia sukari nyingi ajabu, kwa kuwa mtu alimwambia inarudisha nguvu. Mimi sukari siipendi, sijawahi kuipenda. Asubuhi moja niliona siwezi tena. Nikaweka kidole kwenye kikombe. Kisha kwenye mchoro wa sukari, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuongeza kwa piko. Kisha kwenye mistari iliyokatana.

"Chai," akasema. "Chai, sukari... Hutaki sukari?"

Nikagonga ndiyo mpaka kibao kikatikisika.

Alikaa chini, akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akalia. "Tangu masika, Baba Zuhura! Tangu masika wainywa tu hivi hivi!" Akaimwaga chai ile uani, akanichemshia nyingine ya tangawizi kavu. Nikiulizwa ni kitu gani kitamu nilichokunywa maishani, nitasema chai ile.

Basi nikakubali kibao, ndani ya nyumba tu. Lakini Kadzo hakuridhika. "Kibao hiki kinamtaka mtu akikodolee macho kidole chako," alituambia. "Akikupa mgongo, umekuwa bubu tena. Anayesema kwa picha naye ahitaji kuandika." Alieleza kwamba alipokuwa masomoni aliona watu wasioweza kusema wala kuandika herufi wakipiga mihuri ya picha karatasini, wakaacha maneno yao hapo yakasomwa baadaye. Mihuri kama hiyo hospitalini hapakuwa nayo, wala hakujua inakouzwa.

Zuhura alikuwa amekuja nami siku hiyo. Wakati huo alikuwa mwalimu wa chekechea, ana miaka ishirini na kitu, mtu wa mikono kama mamake. Jioni akakusanya ndara zote kuukuu za nyumba, zile za mpira, na wembe. Mamake akachora picha juu ya mpira kwa piko, yeye akachonga. Mihuri ya kwanza ilitoka kinyume. Mtu anayekwenda akawa anarudi, mkono unaotoa ukawa unapokea. Tulicheka, hata mimi, upande mmoja wa mdomo. Wakajifunza kuchora kwa kugeuza. Kila muhuri Zuhura aliugandisha kwenye kipande cha mbao kinachoenea mkono wa kushoto, akatia msumari mdogo upande wa juu, ili vidole vyangu vijue bila macho kuhangaika. Mihuri ikapangwa kwenye sinia. Sponji yenye piko ikakaa ndani ya kifuniko cha mkebe wa samli.

Kwa siku kadhaa nilipiga muhuri mmoja mmoja na kutazama tu. Halafu siku moja mvua ya vuli ilinyesha, Mwanakhamisi amekwenda sokoni na Zuhura yuko kazini. Nilikuwa peke yangu. Nikapiga mvua, nikapiga kitanda, nikapiga mimi, nikapiga uso ulionuna. Zuhura aliporudi akaikuta karatasi mezani, mimi nimesinzia kitini. Akaisoma kwa sauti, akanyanyua macho darini, akaona paa linavuja juu ya mto wangu. Yeye na mamake wakakihamisha kitanda. Ni jambo dogo. Lakini nilikuwa nimesema kitu wakati hakuna mtu, na kikamsubiri mtu. Sikuwa nimelipata hilo tangu siku ile ya korti. Mwanakhamisi naye akaanza kwenda tena arusini, kwa kuwa sasa angeweza kuniacha saa mbili tatu.

Bado hata hivyo niliificha sinia. Moyoni nilimwona mwanamume mzima, aliyezoea kuvaa tai, anacheza na vipande vya ndara. Nilijiona kwa macho ya wale makarani.

Kaskazi iliporudi akaja mposaji. Kijana aitwaye Faraj, mwalimu wa shule ya msingi Mambrui, mtoto wa watu. Zuhura alikuwa radhi. Wazee wa Faraj walipokuja, wakauliza kwa heshima, lakini wakauliza, nani atakayemwoza. Athman akawajibu kwamba hilo ataliangalia yeye.

Siku ya pili alikuja kunikalia karibu. "Kaka," akasema, "mimi sitaki uone tabu. Nikahi ni msikitini, watu watajaa, watakutazama. Tutasema maradhi yamekuondolea fahamu. Uwalii utashuka kwangu mimi nduguyo, nitamwoza mwanetu, shughuli itakwisha kwa heshima. Wewe utapumzika nyumbani."

Alisema kwa mapenzi, nataka hilo lieleweke. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilihisi mzigo umeshuka. Kuhesabiwa mtu asiye na akili kulikuwa kwepesi kuliko kutoka na sinia mbele ya watu.

Zuhura alikuwa mlangoni. "Ami," akasema, "babangu fahamu anazo."

"Mwanangu, ni neno la kupitishia shughuli tu."

"Basi kwa neno hilo mimi siolewi." Akanigeukia. "Baba, waridhia?"

Nikainamisha kichwa. Hakulia. Aliondoka tu, nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa. Ndipo Mwanakhamisi alipoingia. Aliinua godoro, akatoa kibao na sinia, akaviweka katikati ya sebule, mbele ya shemejiye, mahali ambapo wageni huwekewa kahawa.

"Ukiwaitikia kwamba huna akili," akaniambia, "basi mimi nazungumza na nani humu ndani?"

Athman akatazama mihuri. Alikuwa hajaiona hata siku moja. Aliushika mmoja, akaugeuza geuza. "Hivi... unaandika na hivi, kaka?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosea mlango. Akaurudisha siniani, akasema, "Tumwite Maalim."

Maalim Abdalla, ambaye huwaozesha watu wa mtaa wetu, alikuja baada ya alasiri. Aliketi mkekani, akanitaka hali, na nilipomjibu "Bado," hakugeuza uso. Akaeleza kwa utaratibu. "Asiyeweza kusema si sawa na asiye na akili. Mtu akifahamika kwa ishara au kwa maandishi, neno lake ni neno. Mimi nataka kujua moja tu, kama ndugu yetu huyu anafahamika." Akanisogezea sinia mwenyewe.

"Bwana Shebwana, Zuhura ni mkeo?"

Nikapiga hapana kwa nguvu, karibu nichane karatasi. Nikapiga mtoto.

"Leo mvua imenyesha?"

Hapana. Jua.

"Na huyu Faraj. Kwa nini umemwona anafaa?"

Swali hilo halikuwa la kupima akili tu, nililiona machoni mwake. Nilikaa nalo. Faraj alikuwa amekuja mara moja kunisalimu. Watu wote walioniamkia huondoka mara wakisikia neno langu lile. Yeye aliketi, akaona kipembe cha kibao kimechomoza chini ya godoro, akauliza kama angeweza kukitazama, na akasubiri mpaka kidole changu kikafika kilikokuwa kinakwenda. Nikapiga yeye. Nikapiga sikio. Nikapiga mimi.

Maalim aliitazama karatasi muda mrefu. "Anakusikiliza," akasema.

Ndiyo.

"Sioni pa kumwekea walii mwingine," akamwambia Athman. "Baba yupo. Lakini, Bwana Shebwana, watu watakuwako. Utaweza?"

Mdomo ulisema bado. Mkono ukapiga ndiyo. Ulikuwa umechafuka piko mpaka kifundoni.

Siku ya nikahi nilivaa kanzu na koti, Athman akanishika mkono mzima mpaka msikitini. Watu walijaa kweli. Waliketi safu safu, na katika safu ya pili niliwaona wale makarani walioleta machungwa. Maalim alianza hotuba. Mate yakaanza kunichuruzika, nikayafuta kwa ukingo wa hanchifu, yakachuruzika tena. Nilikwisha panga moyoni kwamba nitatikisa kichwa kukubali tu, jambo lipite, sinia isifunuliwe. Maalim akanigeukia.

"Bwana Shebwana, umenifanya wakili wako nimwoze binti yako Zuhura kwa Faraj?"

Nikatikisa kichwa. Na kinywa changu, ambacho siku nyingine hutoa sauti ya kukwaruza, kikasema kwa sauti safi ya kortini, msikiti mzima ukasikia, "Bado!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Ami yake Faraj akashtuka. "Amesema bado! Mzee hajaridhia!" Minong'ono ikazagaa. Niliona Faraj amepauka. Nikajaribu tena, nikasema bado, bado, nikatamani ardhi ipasuke inimeze na kanzu yangu.

Maalim akainua mkono. Na Athman, bila kuambiwa, akaifunua sinia aliyokuwa ameiweka nyuma ya mgongo wake, akailaza mbele yangu, akapiga goti na kushika kifuniko cha wino ili kisiteleze.

Nikapiga mimi. Nikapiga mkono unaotoa. Nikapiga binti, lakini picha ikatoka hafifu. Nikaurudia. Nikapiga muhuri wa mume, ambao Zuhura aliuchonga wiki ile. Maalim akaisoma picha moja moja kwa sauti kubwa, "Mimi, natoa, binti yangu, kwa mume huyu." Akainua karatasi juu kuwaonyesha mashahidi. "Mmeona?"

"Tumeona."

"Mmefahamu?"

"Tumefahamu."

Ndipo akamshika Faraj mkono, akamwoza, na Faraj akajibu nimekubali kabla Maalim hajavuta pumzi.

Ningependa kuwaambia kwamba aibu iliniondokea hapo. Haikuondoka. Baada ya dua watu walikuja kunizunguka, wakapokezana ile karatasi kama mtu aonavyo mazingaombwe. Mmoja akaomba nimpigie jina lake. Karani mmoja akanishika bega, akataka kusema kitu, akashindwa yeye sasa, akaenda zake. Kanzu ilikuwa na mate kifuani na piko mikononi, na hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani nikapokewa kwa vigelegele.

Maneno yalianza kurudi baada ya hapo, polepole, misimu hata misimu. Kwanza maji. Halafu jina la mke wangu, nusu yake. Kigiriama kilirudi kabla ya Kiingereza, na Kiingereza mpaka leo ni makapi. Kortini sikurudi. Wewe uliye katika hali ile, nakuomba jambo moja tu, usikubali kibao chako kilale chini ya godoro kama changu. Na wewe unayemuuguza, usiuamini mdomo wake. Mpe kitu mkononi, kisha kaa umsubiri, hata kama chakula kinaungua.

Limebaki jambo moja. Miezi mingi baada ya arusi, nilikuwa namtafutia Mwanakhamisi neno kwenye sinia nikakosa. Kulikuwa na njaa, hasira, maumivu, furaha. Hilo nililolitaka halikuwako. Nilimtolea Kadzo kwa mdomo, "Ai... ai...," mpaka akalipata. "Aibu? Sasa aibu tutaichoraje, mzee?" Mke wangu akachora mwanamke amejifunika buibui usoni. Nikakataa. Ile ni haya, na haya ni nzuri. Kadzo akachora mtu amezungukwa na macho mengi. Nikakataa tena, kwa kuwa ilinijia hata nilipokuwa peke yangu. Mwisho nikaishika kalamu mwenyewe kwa kushoto, nikachora mtu aliyekunjwa, kichwa kimefika miguuni, kama nguo inayotaka kutiwa sandukuni. Zuhura alipokuja kututembelea akauchonga.

Siku moja baadaye tulikuwa wawili tu, mchana, Mwanakhamisi anapeta mchele. Nikapiga mimi, nikapiga aibu. Nikapiga tena chini yake, na tena, mstari baada ya mstari, mpaka nusu ya karatasi ikajaa. Aliacha ungo akaja kusimama nyuma yangu. Nilingoja aniambie usione aibu, kama wanavyoniambia watu wote.

Akavuta kiti. Akauchukua muhuri mkononi mwangu, akaupangusa kwa ncha ya leso, akauchovya. Akatafuta siniani mpaka akaupata muhuri wa mama, ndio wake yeye, akaupiga. Kando yake akapiga aibu.

"Kule arusini," akasema, "wakiniuliza hali yako, nilikuwa nawaambia umelala."

Hakunitazama. Nikamsogezea karatasi. Ilikuwa na nafasi bado, na yeye akachovya tena.